Posho, Sombe na Daftari la Kurasa 96

Tuanze na neno posho. Hapa Jinja ukisema posho hakuna atakayekuuliza maana. Ni unga wa mahindi uliosongwa, ule ambao sisi Wakongomani tunauita bukari, Wakenya na Watanzania wanauita ugali, na ndugu zetu wa Sudan Kusini wanauita asida. Shuleni ni posho na maharagi, kambini kwa askari ni posho na maharagi, gerezani ni posho na maharagi. Lakini mwambie Mtanzania kwamba umekula posho, atacheka, maana kwake posho ni pesa anayopewa mtu akienda mkutanoni.

Yeye na sisi wote tuko sawa. Katika Kiswahili cha zamani posho ilikuwa mgao: chakula, au kitu cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi wa msafara kwa siku zake za njiani. Wakoloni walipokuja wakaendelea na neno hilohilo. Askari, mfungwa, kibarua wa reli, kibarua wa shamba la miwa, wote walipimiwa posho. Na kwa kuwa unga wa mahindi ni rahisi kusafirisha na kupima kwa kikombe, unga ukawa ndiyo posho yenyewe. Hapa Uganda jina la mgao likageuka kuwa jina la chakula. Kwa hiyo mama anayesubiri mgao Nakivale na Msoga anayesonga posho jikoni kwake wanatumia neno moja, na neno hilo lina historia ya foleni ndani yake.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Kimaka, ndani ya Jinja, upande wa uwanja mdogo wa ndege. Nilizaliwa Bukavu. Nimesoma mpaka sekondari, chuo sikufika, kwa hiyo haya si maandishi ya profesa. Kila Jumamosi mchana tunakutana vijana kama ishirini hivi: Wakongomani, Wasudan Kusini, Warundi, Wasomali wawili, majirani zetu Wasoga, na Mgisu mmoja wa Mbale. Mwaka jana tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kila mmoja atafute daftari la kurasa 96 aandike kitabu chake mwenyewe cha mapishi. La pili, kila mmoja alete kitabu alichokipenda siku hizi, hata kama ni sura moja tu, atusimulie. Tulianza kama kazi mbili. Baada ya miezi mitatu zilikuwa kazi moja.

Hoja yangu ni hii: watu kama sisi, ambao karatasi zetu zimeungua au zimelowa au zimebaki kwa mtu njiani, tukiandika mapishi tunaandika historia. Fomu ya usajili inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, na sababu ya kukimbia. Haiulizi ulikuwa unakula nini, nani alikufundisha kupika, na siku ulipokosa kiungo fulani uliweka nini badala yake. Daftari la jikoni linauliza hayo yote, mradi liandikwe vizuri.

Chakula cha asili nacho kina umri

Kitu cha kwanza vijana waliandika juu ya ukurasa ni "chakula chetu cha asili". Basi tukakaa tukauliza, asili ya lini?

Chukua sambaza. Mtu wa Bukavu au Goma atakuapia kwamba sambaza ni samaki wa mababu. Lakini Ziwa Kivu halikuwa na samaki huyo. Wabelgiji walimtoa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwachia Kivu, kwa sababu sehemu ya katikati ya ziwa haikuwa na samaki wa kuvua. Akazaa, akajaa, akawa kitoweo cha maskini na cha tajiri. Bibi zetu walimwona akifika. Ni kama mputa wa hapa Ziwa Viktoria, ambaye naye aliletwa na watu kipindi hichohicho, na leo wavuvi wa Masese wanaishi kwa ajili yake.

Chukua mahindi: yametoka Meksiko. Muhogo, karanga, maharagi, nyanya, viazi vitamu, vyote vimetoka Amerika, vikavuka bahari na meli za Wareno baada ya mwaka 1500, vikaingia bara polepole, mkono kwa mkono. Ndizi ya matoke nayo mababu zake wanatoka Asia, ila imekaa hapa muda mrefu mno mpaka imezaa aina ambazo huzipati kwingine. Ulezi ndio mwenyeji kweli wa nchi hizi za juu za Afrika Mashariki.

Siwaambii haya ili mtu aone haya kusema "chakula chetu". Ni chetu kabisa. Nasema tu kwamba kila chakula kwenye sahani kilifika siku moja kikiwa kigeni, kikapokelewa na mwanamke fulani ambaye alikaa akafikiri akipike vipi. Huyo mwanamke hatuna jina lake wala karatasi yake. Kazi aliyofanya ndiyo hiyo wanayofanya mama zetu sasa, wakipewa kambini nafaka ambayo hawajaizoea.

Hatua iliyorukwa

Kuna watu wanadhani mapishi ni mambo ya ladha tu. Hapo nataka tusimame kidogo.

Muhogo mchungu una sumu. Wenyeji wa Amerika walikuwa na njia zao za kuitoa: kukuna, kukamua, kukausha. Ulipofika Kongo watu walikuza njia ya kuuloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike na uchachuke, kisha kuuanika juani na kuutwanga. Anayesonga bukari ya muhogo leo anafuata kazi ya vizazi vingi.

Sasa njaa au vita vikija, watu wanafupisha. Badala ya siku nne, siku moja. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wanaoupata zaidi ni watoto na mama. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, wiki baada ya wiki, bila kitoweo chenye protini cha kuusaidia mwili.

Kwa hiyo hatua moja ikirukwa kwenye mapishi, mtoto anaweza kupoteza miguu. Majani ya muhogo, sombe yetu, nayo ni vilevile: yanatwangwa vizuri, yanachemshwa muda mrefu, kifuniko wazi. Ndugu zangu mnaofanya kazi za misaada, mama akiwaambia kuni hazitoshi kwa sombe, hadai anasa. Anajua kitu ambacho hakikuandikwa kwenye gunia. Na kijana aliyezaliwa huku, ambaye hajamwona bibi yake akiloweka muhogo, ataijua wapi hatua hiyo kama hakuna aliyeiandika?

Vitabu tulivyosoma

Sasa nije kwenye vitabu tulivyovipenda. Vingine tulivisoma kwenye simu, vingine kwa kuazima, na vya Kiingereza tulivieleza kwa Kiswahili chetu hiki cha kuchanganya.

Wasomali wetu wawili walianza na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Aliandika alicholishwa: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sinia kubwa la mbao, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi na embe. Akaongeza kwamba watu wa Mogadishu wanakula sana na wana miili mikubwa. Tulicheka. Lakini yule binti aliyesoma alisema kitu ambacho sijakisahau: watu wakisikia Mogadishu wanasikia bomu, na hapa kuna mgeni wa karibu miaka 700 iliyopita analalamika kwamba alishibishwa mno.

Mimi nilileta kitabu cha Yasmin Alibhai-Brown, The Settler's Cookbook. Mwandishi alizaliwa Kampala mwaka 1949 katika familia ya Kihindi, na kitabu ni maisha yake yaliyochanganywa na mapishi, hadithi kidogo, kisha sufuria, kisha hadithi. Sisi wa Jinja kinatuhusu. Pita Main Street, tazama juu ya maduka ya zamani, utaona majina ya Kihindi na miaka yamechongwa ukutani. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianzishwa mwaka 1930 na Muljibhai Madhvani. Halafu tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, akiwa Tororo hapahapa mashariki, akatangaza kwamba Wahindi waondoke, na siku walizopewa zilikuwa 90. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengi wao walianzia kwenye kambi 16 zilizofunguliwa kwa ajili yao, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi. Stradishall ndiyo ilikuwa ya kwanza. Simulizi za waliopita huko zinarudia jambo moja: chakula kisicho na viungo.

Kijana mmoja wa Kyangwali aliposikia hivyo akasema, "Kumbe na wao walikuwa kambini?" Ndiyo, na wao. Watu walifukuzwa, chapati ikabaki. Leo Msoga anaikunja na mayai, anaiita rolex, na kijana wa Kimaka anadhani ni chakula cha Busoga tangu enzi. Na sasa ni cha Busoga kweli.

Dada mmoja wa Sudan Kusini alileta Song of Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek lililotoka mwaka 1966. Alichagua pale Lawino anapokataa jiko la kisasa la mumewe na kutueleza jiko la mama yake, jiwe la kusagia, vyungu, kila kitu mahali pake. Alisema alikuwa anasoma kwa ajili ya mtihani, akajikuta analihesabu jiko la nyanya yake kitu kimoja kimoja kichwani. Okot alikuwa Mwacholi wa Gulu, na Wacholi wapo pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo vyungu vile havikuwa vigeni kwake.

Kitabu kilichotunyamazisha ni cha mwisho. Kinaitwa In Memory's Kitchen, kilichapishwa mwaka 1996, lakini kiliandikwa ndani ya Terezín, ghetto ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi katika nchi ambayo leo ni Cheki. Takribani watu 33,000 walifia humo, wengi kwa njaa na magonjwa. Wanawake wenye njaa walikaa wakaandika mapishi ya keki, supu na bata, wakiwa hawana hata kiazi cha kutosha. Mmoja wao, Mina Pächter, kabla hajafa mwaka 1944 alimkabidhi rafiki yake kifurushi akimwomba amfikishie binti yake. Kifurushi kilipita mkono kwa mkono miaka 25, kikamfikia binti New York mwaka 1969. Baadhi ya mapishi yana kasoro, kiungo kimesahaulika au hatua haipo, kwa sababu aliyeandika alikuwa na njaa. Waliochapisha wakayaacha hivyohivyo.

Tulijadili sana kwa nini mtu mwenye njaa aandike keki. Wengine walisema ni kujitesa. Kijana mmoja Mrundi, ambaye huwa haongei, alisema mama yake njiani alikuwa anawaambia watoto usiku namna atakavyowapikia wakifika, sahani kwa sahani, mpaka wanalala.

Ukurasa wa kushoto na wa kulia

Baada ya hapo ndipo tuligombana vizuri. Tulikuwa tumemwalika mama mmoja wa Uvira, mpishi hodari, atufundishe sombe ili tuiandike. Kijana wa miaka 16, aliyezaliwa hapa Uganda, akaonyesha ukurasa wake: sombe kwa mafuta ya alizeti, karanga na mukene. Mama akasema, "Mwanangu, hiyo si sombe. Sombe bila mawese ni majani tu." Kijana akajibu kwa heshima, "Mama, shikamoo, lakini mimi tangu nizaliwe sombe niliyokula ni hii. Nikiandika mawese nitakuwa nasema uongo."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa analinda kitu ambacho akifa yeye kinakwisha. Kijana alikuwa anasema ukweli wa maisha yake. Tukaamua hivi: daftari likifunguliwa lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto tunaandika kama ilivyokuwa kule. Kulia tunaandika kama ilivyo hapa. Hakuna kufuta upande wowote. Ukurasa wangu wa sombe uko hivi:

Kushoto. Sombe. Aliyenifundisha: mama mkubwa. Mahali: Kadutu, Bukavu. Majani machanga ya muhogo, mafungu matatu. Twanga kwenye kinu mpaka yawe laini. Chemsha saa nzima au zaidi, kifuniko wazi. Tia kitunguu, bilinganya mbili, pilipili mboga. Tia mawese, kikombe kimoja cha chai. Sambaza kavu, viganja viwili. Acha moto mdogo mpaka mafuta yapande juu.

Kulia. Sombe. Mahali: Kimaka. Majani: tumeomba kwa jirani Msoga. Alitupa bure, akashangaa, maana kwao wanakula muhogo wenyewe. Kinu: tumeazima kwake, ni cha karanga. Chemsha vilevile, HII USIPUNGUZE. Mawese ni ghali, tumetia karanga zilizosagwa na mafuta kidogo. Mukene wa Masese badala ya sambaza, usiache uungue. Jiko: sigiri, makaa ya siku mbili yameisha kwa chungu kimoja. Jirani ameonja, ameomba tena.

Ukisoma kurasa hizo mbili unajua nimetoka wapi, nimefika wapi, nani alinipokea, na makaa yalikuwa tatizo.

Yule Mgisu wetu wa Mbale naye ana kurasa mbili, ingawa yeye si mkimbizi. Aliandika malewa, machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgoni yaliyokaushwa kwa moshi, yanayolowekwa, yakachemshwa na kupikwa kwa karanga. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, watu zaidi ya 300 wakafa, na serikali ikahamishia baadhi ya familia Kiryandongo, mbali na mlima, karibu na makazi ya wakimbizi. Ana ndugu huko. Ukurasa wake wa kulia una mistari mitatu tu: mianzi haipo, tunasubiri mgeni kutoka nyumbani, siku zote nyingine ni boo. Boo ni majani ya kunde. Ameyajulia kwa majirani wa kaskazini.

Kwa nini sasa

Ninyi mnaosoma hili mkiwa Nakivale, Rwamwanja, Kyaka au Kyangwali mnajua hali ya mgao. Tangu Julai 2023 wakimbizi Uganda waligawanywa makundi kwa kiwango cha shida: wengine wanapata sehemu kubwa kidogo, wengine ndogo, wengine hawapati kitu. Fedha za dunia zimepungua. Wazee wanaopika kwa kumbukumbu ndio wanadhoofika kwanza. Mwaka huu peke yake tumezika bibi wawili katika jamii yetu ndogo ya hapa Jinja. Mmoja alijua kutengeneza mawese kuanzia kwenye mti. Hakuna daftari lenye njia yake.

Ukitaka kuanza, huhitaji mradi wala pesa ya mradi. Daftari na kalamu. Andika jina la chakula kwa lugha yenu kwanza, ndipo Kiswahili. Andika aliyekufundisha, mahali, na mwaka kama unaujua. Kama hujui, andika ilikuwa kabla ya nini au baada ya nini. Pima kwa kipimo mnachotumia kweli, kopo, kikombe, kiganja, usijifanye una mizani. Andika moto: kuni, makaa, au jiko la udongo. Hatua za usalama ziandike kwa herufi kubwa. Kilichokosekana kiandike pia, na ulichoweka badala yake. Halafu mpe mtu mwingine apike kwa kusoma, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Pale atakaposimama na kukuangalia, hapo kuna hatua hukuandika.

Sisi tuna madaftari kumi na saba mpaka sasa. Matatu yana mafuta kiasi kwamba kurasa zimeshikana, na tumeanza kuyanakili upya kabla wino haujapotea. Yule mama wa Uvira amerudi mara mbili. Mara ya pili alikuja na daftari lake mwenyewe, akamwomba yule kijana wa miaka 16 amwandikie, kwa sababu yeye hakupata shule. Wanaandika pamoja kila Jumamosi, mama akisema, kijana akiuliza, "Kwa muda gani, mama?" Wamefika ukurasa wa 22.